Kichungu cha Mto Dama

Mvuvi yeyote wa kati ya Magara na Kabonga aliyetaka mtumbwi usiolewalewa majini alikwenda Rumonge kumtafuta Asmani. Baba yake alikuwa Mmanyema aliyekuja na msafara wa pembe za ndovu, akachoka njiani, akaoa kwa watu wa ziwani, akazikwa hapo hapo. Mwana alirithi tezo, shoka na dini, na kwa ufundi akampita mzee. Alikuwa mtu mrefu, mpole, asiye na maneno mengi, isipokuwa mtu alipoisifu kazi yake. Hapo ulimi ulimfunguka, akaeleza mti ulikotoka, siku ulipoangushwa, na jinsi wengine wanavyokosea kuchonga tako la mtumbwi.

Mkewe aliitwa Chausiku. Alikamua mawese nyuma ya nyumba, na ukitaka kujua kama yupo, ulisikiliza kicheko kabla ya kupiga hodi. Mungu aliwajalia binti mmoja tu, Asiya, aliyeolewa Ujiji. Tangu azaliwe wao waliitana Mama Asiya na Baba Asiya, hata siku za ugomvi. Nyumba ya pili kutoka kwao aliishi Sikujua, dada mkubwa wa Chausiku, mjane mkali wa ulimi, aliyeanika ndagala, yaani dagaa, mchangani na kuwafukuza kunguru kwa matusi ya Kirundi.

Hizo zilikuwa enzi za Wadachi, yaani Wajerumani. Boma lao lilikuwa Usumbura, na kwa muda mrefu watu wa Rumonge waliwaona tu meli ilipopita, au askari walipokuja kutafuta wapagazi. Kilichowasogeza karibu ni malale. Mtu alianza na homa, tezi zikamvimba shingoni, kisha akawa anasinzia mchana na tonge mkononi, mpaka siku asiyoamka. Vijiji vya kandokando ya ziwa vilikuwa vinapukutika. Ndipo Wadachi walipomtuma bwana mganga wao, daktari mzungu mwenye ndevu nyekundu, apite mwambao wote kupapasa shingo za watu.

Alikuwa amepiga hema Rumonge, karibu na soko, siku Chausiku alipomwita mumewe nyuma ya pazia.

"Baba Asiya, hebu gusa hapa. Iko kitu."

Asmani aligusa. Kwenye ziwa la kushoto, upande wa kwapani, kulikuwa na uvimbe mgumu kama kokwa la mchikichi.

"Inauma?"

"Haiumi. Ingeuma ningekuambia zamani."

Asmani alitoa mkono. Mtu aliyezoea kuusoma mti kwa vidole alijua ugumu ule haukuwa wa nyama. Akasema, kama anayelijaribu neno, "Bwana mganga iko pale sokoni."

"Yule anapima shingo," Chausiku akajibu. "Hii si shingo, bwana we!"

Wakacheka wote wawili. Kicheko kikayafunga mazungumzo kama mlango. Asmani hakutaka mkono wa mwanamume mwingine ufike pale, lakini hakulisema hilo. Aliona ni afadhali kuonekana amemwachia mke uamuzi wake. Kesho yake wote wawili walisimama kwenye mstari, wakapapaswa shingo, wakaambiwa hawana kitu, wakarudi nyumbani. Keshokutwa hema lilikunjwa na bwana mganga akaenda zake kusini.

Aliyechukua hatua ni Sikujua. Aliposikia habari ya uvimbe hakulia wala hakuapiza. Alichukua kikapu, akaenda kwenye bonde la mto Dama, pale mto unapokaribia kuingia ziwani, ambapo miti ilikuwa imesongamana na chini yake kuna unyevu hata kiangazi. Akarudi na majani mapana kiasi, mgongo wake mwekundu, ambayo watu wa kwao waliyaita kichungu. Aliyatwanga, akayachemsha, akamwaga maji ya kwanza, akayaunga kwa mawese na ndagala. Harufu ilikuwa ya chakula chema. Ladha ilikuwa ya adhabu.

"Kula," akamwambia mdogo wake.

"Dada, hii hata mbuzi atakushitaki."

"Kula, nasema. Mama alikuwa anawapa wanawake waliokatisha mutoto ziwa, maziwa yakiganda na kuvimba. Walipona."

Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini kidogo, "Sasa hii yako sijui kama ni ile. Mimi nafanya ninachojua."

Maneno hayo ya mwisho aliyasema mara moja tu, na hakuna aliyependa kuyashika. Walichoshika ni yale ya kwanza.

Chausiku akala kichungu kila siku, mchana na ugali wa muhogo, akikunja uso na kumtukana dada yake kwa mapenzi. Miezi ikapita. Uvimbe haukukua. Msimu wa mahindi ukaja ukaenda, ukaja mwingine, na kokwa likabaki kokwa. Chausiku akadai kwamba limelainika. Sikujua akaligusa, akasema labda. Asmani akaligusa, akasema ndiyo, limelainika sana, maana ndivyo alivyotaka liwe. Mwili wa Chausiku ukanawiri, kicheko kikarudi mahali pake. Wanawake wa wavuvi wakaanza kuja kwa Sikujua: huyu ana jipu lisilopona, yule mama yake ana donda mguuni. Ikasemwa sokoni kwamba kichungu cha Dama kinakula uvimbe kama moto unavyokula majani makavu. Asmani alipenda kusikia habari hizo. Alitembea kama mtu ambaye Mungu amemkumbuka kwa jina.

Bwana mganga alipita tena Rumonge katika muda huo. Safari hiyo hata neno la kujaribu halikusemwa. Ya nini?

Kisha amri ikaja kutoka Usumbura. Wadachi walikuwa wamegundua kwamba malale huletwa na mbung'o, yule nzi mkubwa mwenye kuuma kama sindano, na mbung'o hupenda kivuli kilicho karibu na maji. Basi pori lote la ukingoni lifyekwe, lichomwe, pabaki peupe, kuanzia maji mpaka mbali, na kandokando ya kila mto unaoingia ziwani. Kila kijiji kitoe watu. Na watu wanahitaji mkubwa wa kuwaongoza, anayejua mti huu utaangukia wapi na ule unakatwa vipi.

Aliyekuja kuisimamia amri alikuwa shaushi wa askari aliyeitwa Mbaraka, mtu wa pwani, mwenye sauti kubwa na viatu vilivyombana. Aliuliza nani anajua shoka. Watu wote wakamtazama Asmani.

"Wewe ndiye nyapara," akasema Mbaraka. "Ukifanya vizuri, bwana mganga mwenyewe atakuona."

Asmani aliikubali kazi kwa moyo mkunjufu. Tusimlaumu kwa hilo. Alikuwa amewazika binamu zake wawili kwa malale, na mbung'o alikuwa adui halali. Tena, kusema kweli, ilimfurahisha kusimama mbele ya watu, akinyoosha kidole na mti ukaanguka pale pale alipopaonyesha. Vijana waliimba jina lake walipokata. Jioni alirudi na majivu kwenye nyusi, amechoka, amejaa.

Sikujua alimngoja mlangoni jioni mojawapo.

"Shemeji, mukifika bonde la Dama, kuna kichungu pale."

"Najua. Nitakuachia kipande."

"Kipande gani, na shaushi amesema pabaki peupe? Mimi kesho naenda kuchimba mizizi. Nitapanda nyuma ya nyumba, penye migomba."

"Usiende kesho," Asmani akasema. "Watu wanaangusha miti huko juu yake, utaangukiwa bure. Ngoja tumalize upande wa kaskazini. Nitakuchimbia kwa mkono wangu, na udongo wake, kikapu kizima."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo, shemeji."

"Dada, mimi ndiye nyapara. Hakuna mtu atakayefika pale kabla yangu."

Hapo alisema kweli. Hakuna aliyefika pale kabla yake.

Upande wa kaskazini ulikuwa haujaisha Mbaraka alipokuja na habari kwamba meli inapanda kutoka kusini na bwana mganga yumo ndani. Atapita mbele ya Rumonge. Mbaraka alitaka mlango wa mto Dama uwe mweupe, uonekane kutoka ziwani, bwana mganga aone kazi. Asmani akawahamisha watu wake wote siku ile ile. Wakakata bila kupumzika. Kiangazi kilikuwa kikali, na matawi yaliyolazwa chini yalikauka upesi mpaka yakawa yanalia chini ya mguu.

Asubuhi ya kuchoma, Asmani alishuka bondeni peke yake kuangalia. Kichungu kilikuwepo, kimejipanga chini ya matawi yaliyoanguka, majani yake yameanza kunyauka kwa kukosa kivuli. Jembe lilikuwa juu, kwenye kambi ya wafyekaji. Aliwaza kulifuata. Akasikia Mbaraka akiita kutoka juu kwamba moshi wa meli umeonekana, na upepo ulikuwa unavuma kuelekea ziwani, upepo mzuri ambao huenda usirudi tena hadi kesho. Asmani alikuwa ameona mashamba mengi yakichomwa maishani mwake. Aliona kila mara jinsi mvua za kwanza zinavyoleta kijani juu ya majivu. Mizizi iko chini, akajiambia, moto unapita juu. Kitachipua kizuri kuliko kwanza.

Akapanda juu, akainua mkono, na vijana wakawasha.

Meli ilipopita, mlango wa Dama ulikuwa unafuka, mweupe na mweusi. Ilipunguza mwendo. Mtu mwenye ndevu nyekundu alisimama kwenye ukingo wa meli, akatazama kwa darubini, akavua kofia na kuipunga. Mbaraka akapiga saluti. Siku chache baadaye Asmani aliletewa kofia nyekundu ya tarbushi, yenye kishada, zawadi ya boma.

Alirudi nayo nyumbani kichwani. Chausiku alipiga vigelegele, akakiweka sawa kishada chake, akasema sasa itabidi amsalimie mumewe kwa kupiga magoti kama mbele ya mwami, mfalme wa nchi. Sikujua alikuwa ameketi kizingitini na kikapu kitupu mapajani. Hakucheka.

"Dama mumeshachoma?" akauliza.

"Tumechoma."

"Na kikapu changu?"

"Mvua ikija kitachipua," Asmani akasema. "Mizizi ipo."

Sikujua alimtazama kwa muda, kisha akamtazama mdogo wake aliyekuwa bado ameshika kishada. Akainuka, akaenda kwake bila kuaga.

Mvua ilikuja. Bonde la Dama likachipua kijani kizuri mno: nyasi, mbigiri, na aina ya mmea mrefu ambao hakuna aliyewahi kuuona pale zamani. Kichungu hakikuchipua. Asmani alikwenda kukitafuta akiinama kama mtu aliyeangusha pete, akafukua, akakuta mizizi imegeuka makaa mpaka ndani. Iliyosalia ilikauka juani, kwa kuwa ule ulikuwa mmea wa kivuli na kivuli hakikuwepo tena. Yeye aliyejua miti yote ya mwambao hakuwa amewahi kulitazama jani hilo vya kutosha kujua linaishije.

Majani makavu aliyokuwa nayo Sikujua kwenye chungu yalidumu kidogo, akayapunguza, akayapunguza tena, yakaisha.

Wakaanza kutafuta, Asmani na shemeji yake, kwa mtumbwi. Walikwenda Magara, wakawauliza wanawake waliokuwa wakinunua samaki waliovuliwa usiku. Walikwenda Muhuta. Kote ukingo ulikuwa umefyekwa, kazi nzuri, ya manyapara wengine wenye kofia nyekundu. Wakageuka kusini, siku na siku za kupiga kasia, mpaka Kabonga. Huko, kwenye bonde ambalo shoka lilikuwa halijafika, waliona majani mapana yenye mgongo mwekundu. Asmani aliruka kabla mtumbwi haujagusa mchanga. Akalichuma moja, akalitafuna, akageuka kwa furaha.

"Chungu!" akapiga kelele. "Ni hii, dada, ni chungu kweli!"

Sikujua akalichukua, akalipitisha kwenye midomo, akalitema. "Lina manyoya. Kile hakikuwa na manyoya. Wewe hukuwahi kukila, shemeji?"

Hakuwahi. Muda wote ule mkewe alipokuwa akikunja uso juu ya sahani, yeye alikuwa akila samaki wake upande wa pili wa mkeka.

Hata hivyo walichukua yale ya Kabonga, kwa sababu mtu anayezama hushika hata unyasi. Chausiku alikula mara mbili, akatapika mpaka akalala chini. Yakatupwa.

Tayari uvimbe ulikuwa umeanza kukua. Nani ajuaye kama ni kwa kukosa kichungu, au kwa sababu saa yake ilikuwa imefika na ingefika tu, jani liwepo lisiwepo? Ulifika ukubwa wa yai la kuku. Ngozi ikavutika ndani, ikabadilika rangi, kisha ikapasuka. Chausiku akaanza kukaa mbali na watu kwa ajili ya harufu, yeye aliyekuwa hawezi kula bila mtu wa kucheka naye.

Ndipo Asmani alipompeleka Usumbura. Alimlaza kwenye mtumbwi bora aliowahi kuuchonga, juu ya mikeka, na Sikujua akakaa nyuma yake akimkinga jua kwa kanga. Bwana mganga aliwapokea kwenye banda la wagonjwa wa malale. Mkalimani wake alikuwa kijana wa Tanga aliyeitwa Hamisi, mwenye adabu, aliyeyalainisha maneno kabla ya kuyatoa.

Yule mzungu alimpima Chausiku taratibu, kwa heshima, kisha akapapasa kwapani na juu ya bega. Akafunika. Akamwita Asmani nje.

"Anauliza ulianza lini," Hamisi akasema.

Asmani akaeleza. Hamisi akafasiri. Bwana mganga akasema neno fupi.

"Anasema, wakati ule yeye alikuwa Rumonge."

"Ndiyo."

"Anasema, angeukata. Anauliza kwa nini hukumleta."

Asmani alitazama vidole vyake. "Muulize, angepona?"

Hamisi aliuliza, akasikiliza jibu refu. "Anasema hajui. Wengine ukikata wanapona. Wengine inarudi. Lakini sasa imeshasambaa, hawezi kukata tena. Anasikitika."

Asmani akaona lazima ajitetee, na utetezi wake ulikuwa mmoja tu. Akasimulia habari ya kichungu. Alisimulia jinsi uvimbe ulivyosimama misimu yote ile, na jinsi ulivyoanza kwenda mbio jani lilipokosekana. Alitegemea kuchekwa. Lakini bwana mganga hakucheka. Alivuta kiti, akakaa, akauliza mambo mengi: jani la namna gani, ua lake rangi gani, lilipikwaje, maji ya kwanza yalimwagwa kwa nini, alikula kiasi gani. Asmani hakuweza kujibu hata nusu. Sikujua aliitwa, naye akajibu mengi, ila kuhusu kiasi alionyesha viganja vyake tu.

"Anasema," Hamisi akafasiri, "dawa zake nyingi zilikuwa majani na maganda ya miti kabla hazijawa dawa. Kwinini ni ganda la mti. Lakini anasema jani lina vitu vingi ndani yake. Mpaka mtu akitenge kile kinachofanya kazi, akipime, ajue kiasi chake, huwezi kusema ni dawa. Anasema huenda kichungu kiliuzuia huu uvimbe. Huenda hakikufanya kitu, na uvimbe wenyewe ulikuwa wa aina inayokwenda polepole. Yeye hawezi kujua, wala ninyi hamwezi. Anaomba mumletee, na mizizi yake na maua. Atakipeleka kwao kikachunguzwe."

"Hakipo," Asmani akasema.

"Kiko wapi?"

"Mwambie kilikuwa mlango wa Dama. Aliuona yeye mwenyewe, kwa darubini."

Hamisi alisita, kisha akafasiri. Bwana mganga alisema jambo, polepole, akitazama banda lililojaa watu waliolala macho wazi, na Hamisi akalitoa kama lilivyo: "Anasema malale ingeua wengi zaidi."

Nayo ilikuwa kweli. Asmani alijua ni kweli, na hilo lilimnyima hata mtu wa kumkasirikia.

Walipewa chupa ya dawa ya kutuliza maumivu, wakarudi Rumonge.

Chausiku aliishi mpaka mvua zilipokaribia kwisha. Asiya alikuja kutoka Ujiji kumuuguza mama yake. Dawa ile ilimlaza, lakini mchana fulani aliamka na akili zote, akamkuta mumewe peke yake kando ya kitanda, akimpepea.

"Baba Asiya, unakumbuka siku ile bwana mganga anapima shingo?"

"Nakumbuka."

"Mimi nilifanya mzaha. Nilikuwa nangoja uniambie, acha mzaha, twende."

Asmani aliacha kupepea. "Na mimi nilingoja wewe uniambie nikupeleke."

"Kumbe wote tulikuwa tunangoja," Chausiku akasema, na akataka kucheka, kifua kikamkataza. Akamshika mkono. "Usimlaumu dada. Kichungu chake nilikuwa nakila kwa ajili ya kumuona anakuja. Kila siku alikuja. Miaka yote alikuwa mkali kwangu, lakini hapo alikuwa ananilisha kama mama."

"Simlaumu yeye."

"Najua unamlaumu nani. Naye umsamehe."

Hakuweza. Chausiku alifariki siku ya Alhamisi alfajiri, akazikwa adhuhuri, juu ya kilima, kwa kuwa amri mpya ilikataza kukaa karibu na ziwa na watu walikuwa wameshaanza kuhamisha hata makaburi yao.

Kwenye arobaini, baada ya dua, Sikujua alikuja kukaa karibu na Asmani. Walikuwa hawajazungumza tangu maziko. Asmani alijitayarisha kusikia analostahili.

"Shemeji," alisema, "nilikuwa na mikono miwili na jembe nyumbani. Kwa nini nikangoja unichimbie? Tangu lini mimi nikamngoja mwanamume?" Akafuta uso kwa upindo wa kanga. "Na kwa nini nikawaachia watu waseme kinaponya, na mimi sikujua? Ningesema kwa nguvu sijui, mungekwenda kwa mzungu mapema."

Walikaa hivyo mpaka wageni wakaisha.

Malale ikapungua, hilo halina ubishi. Watoto waliozaliwa juu vilimani hawakuijua. Asmani aliurudisha unyapara kwa Mbaraka pamoja na kofia, akisema macho yake hayaoni vizuri. Kuchonga mitumbwi kukafa taratibu, maana watu hawakuruhusiwa kulala ukingoni. Akawa anachonga vinu na mizinga ya nyuki. Watu walimheshimu. Wachache walijua kwa nini alinyamaza kila mazungumzo yalipofika kwenye dawa za majani. Hakuzitukana wala hakuzisifu.

Ikatokea siku moja, mwaka mmoja hivi kabla ya vita vya wazungu, kwamba mwanamke wa Muhuta aliyeitwa Zuwena alipanda kilima kumtafuta Sikujua. Alikuwa amesikia habari za zamani za kichungu kinachokula uvimbe. Alikuwa nao, mdogo, kwenye titi. Sikujua alikuwa hoi kwa homa siku hiyo, na Asmani ndiye aliyempokea mgeni.

"Kichungu hakipo, mama," akamwambia. "Na kingekuwepo, nisingekupa peke yake. Mume wako yuko wapi?"

"Ziwani. Anaona haya kunipeleka kwa mwanamume."

Asmani alivaa kanzu yake, akachukua fimbo. Walishuka pamoja hadi Muhuta, akamngoja mume yule mchangani, akamshika mkono kando, akazungumza naye kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kuzungumza na mtu tangu afiwe. Aliyomwambia hayakujulikana. Ila kesho yake mume mwenyewe alishika kasia, na Asmani akakaa mbele ya mtumbwi, wakaenda Usumbura. Bwana mganga alimlaza Zuwena kwa dawa ya usingizi, akaukata uvimbe. Asmani alikaa nje mgongo ukiwa umegusa ukuta wa banda, akasikia vyombo vikigongana kwenye beseni.

Zuwena alipona kidonda, akaishi. Kama ni kisu kilichomponya, au uvimbe wake ulikuwa mpole tangu mwanzo, hilo pia hakuna aliyeweza kulisema kwa hakika. Kila Idi alipanda kilima na mkungu wa ndizi kichwani, pamoja na watoto wake, kumpa Asmani mkono.

"Murakoze, asante baba," alisema. "Bila wewe nisingekuwa hapa."

"Mungu ndiye," Asmani alijibu. Aliupokea mkungu, akawapa watoto maji ya kunywa, akawauliza habari za Muhuta. Kisha, kabla wageni hawajaketi vizuri, alisingizia kazi, akaenda nyuma ya nyumba, akasimama huko, ameligeuzia ziwa mgongo, mpaka aliposikia wanaaga.